Nani Kachinja?

Pilau la hitma ya Mwalimu lilikuwa na mawe. Sisemi changarawe, nasema mawe. Moja nililolitafuna mimi lingetosha kuanzia msingi wa nyumba. Wali wa chini umeungua, wa juu haujaiva, na nyama imekatwa vipande vya kumtupia paka. Sinia zima tulitafuna kimya, kisha tukasema mashallah, pilau tamu. Mimi nikawa namsubiri mwenyewe ainuke huko alikolazwa, aje apige sinia kwa kiganja kama alivyozoea kupiga ubao darasani, aulize: "Wali huu umepikwa, au umetishiwa moto tu?"

Hakuinuka. Ndipo nilipoamini kwamba amekufa kweli.

Jirani mmoja aliyekaa kushoto kwangu, mtu mzima na ndevu zake nyeupe, akajifuta mdomo akasema, "Marehemu hajapata kumkosea mtu." Wenzake wakaitikia: hajapata, hajapata kabisa. Nami nikameza jiwe langu.

Tangu siku hiyo nina hasira ambayo hata nikiogea maji ya barafu haipoi. Najua, marehemu hasemwi. Aliyenifundisha kuyaandika maneno hayo, herufi kwa herufi, ni yeye yeye. Lakini mtu aliyetumia umri wake kuwakemea wanaosifu chakula kibovu hastahili kuzikwa kwa sifa mbovu. Basi nitamwandika alivyokuwa. Atakayeudhika anajua nilipo: karakana yangu iko hapa hapa Ngamiani, natengeneza mafriji, na mlango wake hauna hata komeo.

Alitufundisha Kiswahili na uraia katika masomo ya jioni, kwenye madarasa ya watoto wa shule ya msingi, tumekaa kwenye madawati madogo magoti yanagusa masikio. Tulikuwa wauza samaki, dereva wa trekta, mama lishe, askari wa lindo, na mimi niliyeacha shule darasa la nne nikarudi nina mvi. Yeye alikuwa mrefu, mwembamba kama mti wa bendera, wa zile familia za Kiarabu zilizowahi kuwa na mashamba ya minazi huko nyuma na sasa zina hadithi za mashamba ya minazi. Kanzu yake ilikuwa safi kiasi kwamba inzi akitua juu yake anateleza. Na alikuwa mla hotelini. Sijaona mtu aliyekula hotelini kama yule, na sijaona mtu aliyekula kwa hasira kama yule.

Jumamosi moja kila mwezi alitutoa darasani akatupeleka kula. Matembezi hayo aliyaita "somo la mezani". Leo kwa Mhindi, mwezi ujao kwa Mchaga, mwezi mwingine kwa mama wa Kidigo, kisha kwa Mchina, kisha hoteli za ufukweni kule Raskazone ambako hata mende wamevaa tai. Aliamini kwamba watu wa Tanga wanasalimiana vizuri kuliko watu wote duniani, lakini hawajuani vyungu. "Mnaishi ukuta kwa ukuta miaka mingi," alitufokea, "harufu ya mchuzi wa mwenzio inaingia dirishani kwako kila siku, na hujui jina lake! Huo ni ujirani au ni foleni?"

Kwa Mhindi wa bhajia, yule asiyeweka nyama wala yai, tuliletewa sahani za chuma zenye vibakuli vidogo pembeni: dengu, viazi, mtindi, chatini ya kijani kali ya kumfufua aliyezimia. Dereva wa trekta akachungulia bakuli moja baada ya jingine, akauliza kwa sauti ya trekta lake, "Mwalimu, nyama iko wapi?"

Mwalimu akaweka mkate chini. "Umekuja nyumbani kwa mtu asiyekula nyama unaulizia nyama. Ukienda msikitini utaulizia kengele?"

Tukacheka mpaka mwenye hoteli akatoka jikoni kutazama kuna nini. Dereva akala akamaliza, akaomba nyingine, na kuanzia hapo hakukosa kwa Mhindi kila Jumatano. Hayo namhesabia Mwalimu. Mimi si mtu wa kudhulumu.

Kwa Mchina ilikuwa vita. Kijana wa kuhudumu, mtoto wa Muheza mwenye kofia nyekundu, alituletea uma kwa huruma. Mwalimu akaudhika. "Wenyewe wanakulia nini?" Vijiti, Mwalimu. "Basi leta vijiti!" Tukaletewa. Tambi zikaruka. Nakwambia zilining'inia kwenye feni, nyingine zikapita dirishani zikaenda zake sokoni. Mwalimu peke yake alishika vijiti vizuri, akazungusha, akainua, akafikisha tambi karibu kabisa na mdomo, na hapo vijiti vikamsaliti. Tukageuza nyuso tutazame ukuta. Alivilaza vijiti taratibu, akanawa, akala kwa mkono, na akatununia njia nzima ya kurudi kana kwamba sisi ndio tuliovitengeneza vile vijiti. Wakati ule niliona ni kichekesho tu. Sikujua kwamba nilikuwa nimeonyeshwa mahali anapouma.

Raskazone ndiko alikowakera zaidi. Aliletewa orodha ya vyakula imeandikwa Kiingereza kitupu, akaifungua, akaifunga, akamwita kijana.

"Mwanangu, hiki cha kwanza mama yako anakiitaje?"

"Samaki wa kukaanga, Mwalimu."

"Na hiki?"

"Kisamvu cha nazi."

"Basi waambie wakiandike kwa jina lake, kitakuja mezani chenyewe. Kukiita kwa jina la watu ndiyo maana kinachelewa."

Sosi nyekundu ya chupa aliiona ikiwekwa mezani akaiondoa kwa vidole viwili kama anayeondoa panya. Televisheni ikiwa na kelele alisimama akaizima, hata mechi ikiwa dakika za mwisho. Siku moja nusura wapenzi wa mpira wamfanye yeye mpira. Mchuzi uliotiwa unga ili uonekane mzito aliutambua kwa kuutazama. "Mchuzi mwepesi unasema kweli," alisema, "huu umevaa koti la kuazima." Mtu aliyekula siku zote chakula cha kwao tu, yeye alisema hajapata kula, amejaza gunia. Na hoteli yenye picha nyingi za chakula ukutani aliiambia wazi: "Mmepika ukuta, jikoni mna njaa."

Lakini la ajabu ni kwamba chakula kikiwa kizuri alikasirika zaidi. Tulikwenda Kigombe, kibanda cha makuti, mama mmoja akatupa pweza wa nazi laini kiasi kwamba bibi asiye na jino hata moja angemla akiwa usingizini. Mwalimu alionja. Akaingia jikoni bila kubisha hodi, tukasikia akifoka: "Tangu lini unapika hivi? Na kwa nini sikuambiwa? Mmenificha kwa sababu gani?" Yule mama akaomba radhi. Aliomba radhi kwa kupika vizuri! Hizo ndizo zilikuwa sifa za Mwalimu, na wapishi wa pwani yote walizijua, na walizitaka. Akikufokea hivyo, Jumatatu inayofuata huna pa kuwaweka wateja. Mji huu ulikuwa na ulimi mmoja, nao ulikuwa ndani ya kinywa chake. Shikeni hilo, kwa maana ndiko hasira yangu inakoelekea.

Watu wanaosema hajapata kumkosea mtu hawajui hata alivyoishi. Nyumbani kwake hakupika. Nilipoitwa kutengeneza friji lake nililikuta na chupa ya maji na limau moja lililokauka mpaka limekuwa kama goroli. Mtu aliyejua tofauti ya bizari ya Pemba na ya Mombasa kwa kunusa, nyumbani alikula mkate mkavu na chai ya rangi, peke yake, ameuelekea ukuta. Alituhubiria meza ya pamoja, na yake ilikuwa na kiti kimoja. Sikumwonea huruma wakati ule, na sitaki kuanza sasa.

Sasa niwaeleze habari za Mama Eliza.

Alikuwa mwenzetu darasani, mwanamke wa Maramba, Mlutheri, mjane. Baba yake alitoka kusini kuja kukata mkonge, mama yake Mbondei, kwa hiyo mikono yake ilijua mapishi ya makabila yote yaliyowahi kulala katika kambi ya mkonge. Aliandika insha juu ya jikoni la kambi ile: wanawake wa kila kabila, moto mmoja, kila mmoja anaonja cha mwenzake. Mwalimu aliisoma mbele ya darasa, akapiga ubao kwa kiganja, akasema, "Wewe unafanya nini hapa? Nenda ukafungue hoteli!"

Akafungua. Barabara ya Kumi na Mbili, chumba kimoja na baraza. Bada, ule ugali wa muhogo, na papa wa nazi, mtori, kisamvu, chapati, na kuku wa kupaka, ambaye yeye alimtia karanga za kusagwa kama walivyofanya watu wa kwao baba yake. Walahi, kuku yule! Ukimla asubuhi, jioni bado unawasamehe adui zako.

Na Mwalimu alimsaidia, sitaficha. Mji huu una taratibu zake, na kila mwenye hoteli Mkristo anazijua: ukitaka Waislamu wale kuku wako, unamwita Muislamu akuchinjie. Hakuna anayegomba, hakuna anayenuna, ndivyo majirani wanavyokula pamoja. Mwalimu ndiye aliyekwenda kuzungumza na mwadhini wa msikiti wa mtaani, mzee mpole. Kila alfajiri baada ya swala mzee yule alipita na kisu chake, akachinja, akapewa chai, akaenda zake. Mtaa wote ulijua. Mwalimu alijua kuliko mtaa wote.

Hoteli ikajaa. Ijumaa baada ya swala watu walikula wamesimama. Mwalimu alikuwa na meza yake karibu na mlango, na alimfokea Mama Eliza karibu kila siku, hata tukajua kwamba chakula hakina kasoro.

Ijumaa moja akaja na wageni wawili, jamaa zake kutoka Maskati, wamevaa vizuri, wananukia udi. Akawakalisha, akaagiza kuku wa kupaka, akaanza kuwatolea mhadhara. Chakula hiki, alisema, ni cha mababu zetu, kililetwa na wazee wetu katika majahazi, hapa wamekihifadhi tu. Aliongea kwa sauti ya darasani, nasi sote tukawa wanafunzi tena, mikono kwenye wali.

Mama Eliza akapita na sahani nne mkononi. Alikuwa na furaha siku hiyo, hoteli imejaa, jasho linamtiririka. Akasema huku anacheka, "Mwalimu, na hizo karanga nazo zilipanda jahazi?"

Hoteli nzima ikaangua kicheko. Mimi nilicheka mpaka nikapaliwa. Wageni wa Maskati ndio waliocheka kuliko wote. Mmoja alipiga meza.

Mwalimu hakucheka. Nilimwona akiweka lile paja la kuku chini, taratibu, vile vile alivyoviweka vijiti kwa Mchina. Akainua kichwa, akauliza kwa sauti iliyofika mpaka barabarani:

"Kwani kuku huyu, nani kachinja?"

Kila mkono ukasimama. Nasema kila mkono. Tonge lililokuwa njiani likabaki njiani.

"Mwalimu!" Mama Eliza bado alikuwa na tabasamu, alidhani ni mzaha wa kujibu mzaha. "Si mwadhini wetu? Si wewe mwenyewe uliyeniletea?"

Mwalimu alikwenda kwenye ndoo akanawa, akajifuta vidole kimoja kimoja, akawaambia wageni wake twendeni. Wakatoka. Na swali lilikuwa limeshatoka kabla yao.

Alasiri lilikuwa sokoni: Mwalimu kagoma kula kwa Mama Eliza. Magharibi lilikuwa Chumbageni: kagoma kwa sababu kuna jambo kaliona. Isha likavuka mpaka likafika Mombasa likarudi limenenepa, na waliolipokea walisema hata kuku mwenyewe hakuwa kuku. Mwadhini, maskini, alisimama kwenye baraza la hoteli akaapa mbele ya watu kwamba mkono wake ndio unaochinja. Wakamsikiliza kwa adabu, na walipoondoka wakaulizana, kama hakuna neno, mbona anaapa?

Hakuna aliyemtukana Mama Eliza. Afadhali wangemtukana. Walimsalimia vizuri sana, kwa ule utamu wetu wa Tanga unaoweza kumwua mtu huku anatabasamu. "Nitapita kesho, Mama Eliza." "Leo nimefunga, Mama Eliza." Mji mzima ukaanza kufunga sunna, Jumatatu na Alhamisi, na Jumanne, na Jumapili pia. Hata Walutheri wenzake walifunga! Walisema hawataki kuonekana wanachochea mambo.

Nilimfuata Mwalimu kwake. Nilimkuta barazani na mkate wake na chai.

"Shikamoo, Mwalimu."

"Marahaba. Kaa."

"Sikai."

Akanitazama. Kwetu, mzee kukupa kiti ukakikataa ni sawa na kumpiga kofi, na mimi nilikusudia limfike.

"Mwalimu, ulijua ni nani anayechinja."

"Mimi niliuliza tu. Kuuliza si ujinga."

"Kuuliza si ujinga. Lakini kuuliza unachokijua kunaitwaje?"

Akavunja mkate. "Usinifundishe Kiswahili."

"Sikufundishi. Nakuomba. Nenda ukale pale siku moja, watu wakuone. Siku moja tu, Mwalimu. Mji huu unakula kwa mdomo wako."

Alichovya mkate, akausahau ndani ya chai mpaka ukakatika ukazama. Kisha akasema, kwa sauti ndogo ambayo darasani hatukupata kuisikia, "Siwezi kwenda kula mahali nilipochekwa."

Basi ndiyo hiyo! Nilitamani angeniambia kuwa ana shaka ya dini, ningemheshimu. Nilitamani angekuwa na sababu yoyote yenye ukubwa wa mtu. Kumbe mtu aliyewafokea wapishi wa Tanga nzima, kutoka Mkwaja mpaka mpaka wa Kenya, hakuweza kustahimili mzaha mmoja wa karanga. Nikaondoka bila kuaga. Nilikuwa na hasira kiasi kwamba siku hiyo friji nililoligusa liliwaka bila umeme.

Mama Eliza aliendelea kupika. Kwanza sufuria kubwa, kisha ya kati, kisha ile ndogo ya nyumbani. Nilikula pale kila siku, na dereva wa trekta naye, na mwadhini alikuja na wajukuu wake wote, lakini sisi hatukuweza kushiba kwa niaba ya mji. Siku moja alikaa mbele yangu, mikono imelala mapajani.

"Mwisho wa wiki hii nafunga," aliniambia. "Nitarudi Maramba kwa kaka yangu. Nilipotoka niliwaambia nakwenda kufungua hoteli, Mwalimu wangu kaniambia naweza. Sasa wataniuliza imekuwaje, nitawaambiaje? Kwamba nimetania?"

Nikaomba sahani ya pili, nikaila yote.

Ijumaa ile ya mwisho alisema atapika sufuria kubwa, kwa kuaga, na kitakachobaki atawapa majirani. Aliniita nije kulifungua friji tulipakie. Nilikuwa nyuma ya hoteli na spana zangu, swala ndiyo kwanza imekwisha, nikasikia mlangoni, "Hodi."

Nikaijua sauti. Nikachungulia. Amesimama kizingitini na kanzu yake isiyoshika inzi, anahema. Alikuwa ametoka msikitini wa kwanza, yeye ambaye siku zote alitoka wa mwisho.

"Karibu, Mwalimu," alisema Mama Eliza. "Shikamoo."

"Marahaba. Kuna nini leo?"

Sufuria ilikuwa pale, kubwa kama ngoma ya harusi, mvuke unapanda, harufu ya nazi na karanga imejaa chumba kizima. Mama Eliza akaifunika. Akasema, "Kimekwisha."

Niliganda. Mwenye hoteli hamwambii mtu kimekwisha na chungu kimejaa. Na kumwambia hivyo Mwalimu, ambaye mpishi akimdanganya kipande cha ndimu tu alimsimamisha kama mtoto mbele ya wateja! Nikasubiri mfoko. Aliitazama sufuria. Akamtazama yule mama.

"Basi naomba maji."

Akapewa glasi. Akaiweka juu ya meza yake ya siku zote, kisha akaikamata ile meza, mwenyewe, mzee mzima, akaanza kuiburuta kuipeleka nje barazani. Nikaenda kumsaidia, akanifukuza kwa macho. Akaifikisha, akarudi kuchukua kiti, akakaa, ameielekea barabara ambako watu wa msikitini walikuwa wanaanza kumiminika.

"Karibu!" akamwita wa kwanza.

"Starehe, Mwalimu," yule akajibu, akapita.

Ndiyo adabu yetu. Ukimkuta mtu anakula anakuambia karibu, nawe unajibu starehe unakwenda zako. Hakuna anayekaribia kweli. Ukikaribia kweli mtaona haya wote wawili.

"Si starehe!" Mwalimu akapiga meza kwa kiganja, maji yakaruka. "Nimesema karibu. Wewe nimekufundisha mimi, hujui maana ya karibu? Ingia ndani ule!"

Mtu wa watu akasimama kama amepigwa na radi. Barabara ikasimama naye. Wakaanza kutazama mezani: hakuna sahani, maji matupu.

"Sasa Mwalimu," mmoja aliyekuwa nyuma akasema, mjanja wa mtaa, "unatukaribisha, mbona wewe huli?"

Nikadhani atamkemea. Akainuka. Sauti aliyoitoa ilikuwa ile ile iliyofika barabarani Ijumaa ile nyingine, ila sasa ilikuwa inamkwaruza kooni.

"Kuku wa hapa anachinjwa na mwadhini wa msikiti mliotoka sasa hivi. Mimi ndiye niliyemleta. Siku ile nilijua, na niliuliza huku najua. Umesikia? Nilijua! Kwamba mimi sili hayakuhusu. Ingia!"

Ndani, kata ya Mama Eliza ikasimama juu ya sufuria. Nilimwona. Mgongo ulikuwa umetuelekea. Kisha akaanza kupakua.

Waliingia. Kwanza kwa haya, wawili, watatu, kisha kwa kusukumana, kwa sababu harufu ile ilikuwa imewatesa kwa muda mrefu na sasa walikuwa na ruhusa. Mwalimu aliwaamrisha kutoka kwenye kiti chake kama anayepanga mstari wa shule. Aliwafokea waliochelewa. Aliwafokea waliosema wamefunga. "Umefunga nini, nimekuona asubuhi na kitumbua!" Viti vikaisha, watu wakala wamesimama.

Mimi nikajifanya mwema, nikachukua sahani, nikamtilia paja na mchuzi, nikaelekea nje. Mama Eliza akanishika mkono.

"Unampelekea nani?"

"Mwalimu."

"Huyo kimekwisha." Akaichukua sahani, akampa mtu mwingine.

Mwalimu alikuwa anatuona. Akageuza uso, akaendelea kukaribisha watu.

Alikaa pale mpaka kata ikaanza kukwangua chini, mpaka kimekwisha kweli, na wa mwisho akatoka anajichokonoa meno. Ndipo akainuka, akaja mlangoni na glasi tupu, akaiweka juu ya kaunta. Hakusema nisamehe. Mimi nilisubiri neno hilo, bado nalisubiri, na ndiyo maana pilau la hitma lilinikaa kooni. Alisema, "Ahsante kwa maji."

"Haya, Mwalimu," alisema Mama Eliza.

Akaondoka. Njia ya kwake inapita hoteli zisizopungua tano, na zote zinamjua, na kila moja walimwita karibu. Nilimwona akipunga mkono, starehe, starehe, akipita na njaa yake.

Nikamgeukia Mama Eliza. Hasira yangu ilikuwa imepata ufa, nami sikupenda. "Ungempa hata ukoko," nikasema. "Mzee wa watu, kasema mbele ya kila mtu."

"Kasema, nimemsikia." Alikuwa anafuta meza, anazifuta kwa nguvu kana kwamba anataka kuziondoa rangi. "Ningempa, angekula. Angekula, angeshiba. Na akishashiba ataona yamekwisha."

Akaja kizingitini, akatazama upande alikoelekea, na mimi nikainama kuishika ile meza niirudishe ndani.

"Iache," akasema. "Iache hapo hapo nje, na lile friji usilipakie. Kesho atakuja tena."